Kichwa Chenye Tambi

Uvumi ule ulimganda Walburga kama sukari iliyokaukia kwenye kucha. Aliuosha, akausugua, haukutoka. Akienda sokoni Mbinga anausikia. Akipiga magoti kanisani anausikia. Hata sufuria ikichemka jikoni kwake, aliisikia ikisema: anayefinyangwa na Walburga hafiki mbali, hufukiwa.

Mnakumbuka ulivyoanza. Mzee Wendelin wa Mapera alifanyiwa sherehe na wanawe alipotimiza miaka themanini. Walburga ndiye aliyepika keki. Juu yake aliweka shamba la kahawa, na katikati ya mibuni akamkalisha mzee mwenyewe, wa fondanti, ile sukari laini inayofinyangwa kama udongo wa chungu. Kofia yake, mkongojo wake, masharubu yake ya mvi. Watu wakapiga vigelegele. Mjukuu mmoja mtundu akaruka, akamng'ata babu kichwa, akakitafuna. Ukumbi mzima ukacheka, na mzee akacheka kuliko wote.

Juma halijaisha, mzee akafa.

Alikuwa na kifua cha siku nyingi. Lakini nani anataka kusikia habari ya kifua, wakati ya kichwa ni tamu zaidi?

Sasa uvumi ulikuwa umeshuka mpaka ziwani, Lituhi, kwa wakwe watarajiwa. Lidia, binti pekee wa Walburga, alikuwa anaagwa kesho yake ili akaolewe na Meshack wa huko. Na aliyekuwa akiutangaza uvumi pwani ya ziwa, kwa habari zilizomfikia Walburga, alikuwa mama mzazi wa Meshack, yaani Otilia.

Wiki iliyopita tulimwacha Walburga jikoni. Kiwiliwili cha Otilia cha sukari kimesimama mezani, kimevaa kitenge. Kichwa chake kiko kwenye kiganja cha Walburga. Na Walburga anajiuliza: kijiti au tambi?

Kwa fundi wa keki hilo si swali la mchezo. Sanamu ya kutazamwa, kichwa hushikizwa kwa kijiti cha meno, isimame hata gari likiruka mashimo. Hiyo haiendi mdomoni, huwekwa kabatini nyuma ya kioo ikae miaka. Sanamu ya kuliwa hushikizwa kwa tambi mbichi, maana kijiti kitamtoboa mtu koo.

Sanamu za wazazi siku zote ni za kijiti.

Walburga akavunja tambi.

"Tambi, Mama Lidia?" aliuliza Serafina, akiacha kukanda.

Serafina alikuwa rafiki yake na mwanafunzi wake. Kazi yote ya keki alifundishwa pale pale, kwenye meza ile. Kila juma alishuka Lituhi kununua usipa, wale samaki wadogo wa ziwa, aje awauze Mbinga. Akirudi, ndoo moja ilikuwa ya samaki na nyingine ya maneno.

"Tambi," alijibu Walburga. "Kesho atajila mwenyewe. Mbele ya ukumbi mzima."

"Akikataa?"

"Akikataa, amemkataa mwanangu hadharani, na wote wataiona roho yake ilivyo. Akila asife, uongo wake umekufa yeye akiwa hai. Huku shimo, huku ukuta. Achague."

Serafina alicheka mpaka akashika ukingo wa meza. "Jamani wewe mwanamke! Na akila, akafa?"

"Nitampikia keki ya matanga."

Wakacheka wote wawili. Kisha Walburga akamgeukia. "Serafina, lakini uliyasikia kwa masikio yako?"

"Tena nimesimama naye, ndoo mkononi. Walimletea kipande cha keki kutoka ubarikio wa jirani. Akakisukuma. Akasema, keki haipiti kooni mwangu. Wanawake wote wa pale wanakoanika usipa walisikia. Na hilo la kufinyanga ndiyo usiseme, mama. Kalitangaza kama padri anatangaza ndoa."

Walburga akakiingiza kichwa shingoni. Kiliingia taratibu, kikakaa.

Mlango ukafunguka, Lidia akaingia, nywele nusu zimesukwa nusu bado. Alipoiona sanamu akaweka mikono kifuani. "Mama! Mama mkwe wangu mwenyewe! Mpaka kitenge chake cha samaki! Kumbe unampenda hivi?"

"Nampenda," alisema Walburga, hakumtazama usoni.

"Na mimi nampenda. Nikienda kule ananiita mwanangu, hasemi mkwe." Akambusu mama yake shavuni, akatoka mbio kumalizia nywele.

Hapo, wazazi wenzangu, ndipo Mungu alipompa nafasi. Angeweza kuitoa ile tambi. Hakuitoa.

"Wewe malizia hii kubwa," Serafina akasema kwa upole. "Ile ndogo ya wakwe niachie. Nitaipamba, nitaifunga, nitaipakia mwenyewe."

Keki ya wakwe mnaijua. Hailiwi siku ya sherehe. Hufungwa kwenye boksi lake, wakwe wanaondoka nayo, wanakwenda kuifungua nyumbani kwao mbele ya ukoo.

"Nifanyie, ndugu yangu," alisema Walburga. "Mimi macho yangu yote yako hapa."

Kweli yalikuwa pale. Hayakuwa pengine.

Siku ya pili ukumbi wa parokia ulijaa. Ilikuwa ile baridi ya Mbinga ya mwezi wa saba, watu wamevaa makoti juu ya nguo za sherehe. Wakwe walitegemewa kabla ya saa sita. Tairi likawapasukia njiani, wakafika jua limeshageuka, vumbi mpaka kwenye kope. Walitembezwa moja kwa moja hadi viti vya mbele, kwa sababu MC Alphonce alikuwa ameshapandisha muziki.

"Chakula na soda ni baada ya keki!" alitangaza. "Anayenusa pilau ameze mate, avumilie!"

Otilia alimshika Walburga mkono. Alikuwa mama mnene kidogo, mwenye sauti ya kuitia mitumbwi, lakini leo sauti ilikuwa chini. "Mkwe, za hapa? Samahani kwa kuchelewa. Hamna hata kipande cha muhogo hapo nyuma? Njia imenitesa."

Muhogo ulikuwepo. Na chai ilikuwepo, na maandazi kwenye beseni.

"Keki inakuja, mkwe," alisema Walburga, akitabasamu. "Subiri keki."

Akaenda zake.

Keki ilipoingizwa, watu walisimama juu ya viti. Ghorofa ya juu ilikuwa milima ya Umatengo, na mashimo ya ngolo, yale ya kilimo cha huko milimani, yamechorwa mpaka bondeni. Ghorofa ya chini ilikuwa Ziwa Nyasa, bluu, na mtumbwi wa Xaveri, baba yake Meshack. Wazazi wanne wamesimama ufukweni, na maharusi katikati yao wameshikana mikono. Simu zote zikainuliwa juu.

Lidia akakata. Akamlisha baba yake, Joakim. Akamlisha mama yake. Akamlisha Xaveri.

Walburga hakuwa anatafuna. Alikuwa anamtazama Otilia. Katika baridi ile, watu wa Mbinga wenyewe wanasugua viganja, Otilia alikuwa anajifuta jasho. Leso ilikuwa imelowa. Mikono ilikuwa inamtetemeka.

"Inamtoka," Walburga alinong'ona. "Dhambi inamtoka kwenye vinyweleo."

Akampa MC ishara.

"Na sasa!" Alphonce alipaza sauti. "Jambo ambalo Mbinga haijapata kuliona! Mama mkwe atalishwa mama mkwe! Mama Meshack, njoo hapa mbele ujionje kama una utamu!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Kisha kicheko kikakatika kidogo kidogo, kama mvua inayoacha. Maana kila mmoja aliukumbuka uvumi, na kila mmoja alimtazama mwenzake.

Lidia hakujua kitu. Aliichomoa sanamu kutoka ufukweni kwa mikono miwili, akaiweka kwenye sahani, akapiga goti kama inavyompasa. "Mama, karibu."

Otilia alisimama. Akapiga hatua moja, akapepesuka, akashika kiti.

"Anaogopa," mtu mmoja akasema nyuma.

Walburga akajitokeza. Haya ndiyo maneno aliyoyalala nayo na kuamka nayo, na sasa alikuwa anayatema. "Mbona unatetemeka, mkwe? Kula. Si ulisema ninaowafinyanga hufukiwa? Leo umefinyangwa. Haya, kula watu waone."



Otilia alimtazama kama mtu anayetazama kwa mbali sana. Midomo ikacheza. "Nitakula," alisema. "Nipe, mwanangu. Nipe haraka..."

Akanyoosha mkono, akaikosa sahani, akaanguka chini mzima mzima.

Sahani ikapasuka. Kiwiliwili cha sukari kikavunjika vipande. Kichwa kikabingirika, kikabingirika, kikasimama kwenye kiatu cha Walburga.

"Hata hajala!" mwanamke mmoja alipiga yowe. "Hajala, kadondoka! Yesu na Maria, kweli anafinyanga!"

Watu wakakimbilia milango. Viti vikaanguka. Walburga akainama, akakiokota kile kichwa, hata yeye hakujua kwa nini.

"Sukari!" Ilikuwa sauti ya Xaveri, amepiga magoti, kichwa cha mkewe kiko mapajani. "Leteni sukari! Ni sukari imemshuka!"

"Huyo mzee kachanganyikiwa," mtu akasema.

"Ana ugonjwa wa sukari! Alichoma sindano alfajiri akijua tutakula huku mapema. Hajaweka kitu mdomoni! Sukari, jamani, chochote kitamu, anakufa huyu!"

"Mgonjwa wa sukari unampa sukari? Unataka kumuua?"

"Ikishuka ndiyo dawa! Meshack, kimbia kwenye soda!"

"Stoo imefungwa!" Meshack alipiga kelele. "Ufunguo uko kwa nani?"

Na katikati ya makelele yale alisimama Walburga, na sukari mkononi.

Nisikilizeni vizuri hapa. Alisikia kila neno. Alijua alichoshika. Hatua zilikuwa chache tu. Lakini kuna kitu kilikuwa kimekaa ndani yake tangu siku ya mazishi ya Mzee Wendelin, nacho kikasema: mwache kidogo. Mwache na yeye aonje.

Akabaki palepale.

"Mama, lete!" Lidia alikuwa mbele yake na shela lake limeanguka. "Mama! Lete!"

Mkono haukufunguka. Lidia akaufungua mwenyewe, kidole kimoja kimoja, kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu.

Akakimbia na kichwa, akakivunja kwa meno, akakiponda kwenye glasi kwa maji. Vipande vilipoachana, kitu chembamba kilianguka mezani. Lidia akakiona. Akakitazama sekunde moja, kisha akaendelea kukoroga.

"Mama, meza. Kidogo tu. Ndiyo hivyo, mama yangu, meza." Otilia alikuwa bado anaweza kumeza. Tone kwa tone, kijiko kwa kijiko, Lidia akamnywesha mama mkwe kichwa chake mwenyewe.

Stoo ikavunjwa kufuli, soda ikaja, wakamwongezea. Na watu waliokuwa milangoni wakaanza kurudi taratibu, wakijifanya hawakukimbia.

Otilia akafumbua macho.

"Nimeaibisha sherehe ya mtoto," lilikuwa neno lake la kwanza.

Joakim, mume wa Walburga, akapiga magoti karibu yao. "Mkwe Xaveri, kwa nini hamkutuambia? Tungempokea kwa uji."

Xaveri akainamisha kichwa. "Alikataa. Alisema mkwe wake akijua ni mgonjwa, atasema binti yake anapelekwa kuuguza, si kuolewa. Akaogopa mtamnyima Lidia."

Walburga aliyasikia vizuri. Lakini hasira haizimiki kama mshumaa. "Na uvumi?" aliuliza. "Ulivyosema pale ziwani, keki yangu haipiti kooni mwako?"

"Nilisema keki," Otilia alijibu kwa shida. "Keki yoyote, mkwe. Nitasemaje mbele za watu kwamba daktari amenikataza? Nikasema haipiti kooni, wakaniacha."

"Na la kufinyanga?"

"Hilo mimi nililetewa. Lilitoka huku huku kwenu. Mnunuzi wangu wa usipa ndiye aliyekuja kunionya, nisitie kitu mdomoni mezani kwako. Nikamwambia, mwanamke mwenye binti kama Lidia hawezi kuwa mchawi. Leo ningekula bila hata kuombwa."

Mnunuzi wa usipa. Vichwa vyote viligeuka kumtafuta Serafina. Kiti chake kilikuwa kitupu.

"Serafina!" Walburga alinguruma, akataka kutoka mbio. Lidia akamzuia kwa mkono. Kwenye kiganja kilichofunguka alikuwa na kile kitu chembamba.

"Mama. Hii ni nini?"

"Lidia, sasa hivi si wakati wa..."

"Nimezishika sanamu zote. Yako ina kijiti. Ya baba ina kijiti. Mimi na Meshack tuna vijiti. Hii peke yake ina tambi." Sauti yake haikupanda hata kidogo, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya. "Umenifundisha wewe. Kijiti ni cha kutazamwa, tambi ni ya kuliwa. Jana nilipokubusu ulikuwa umeshaiweka?"

Walburga akaitazama ile tambi.

"Ulitaka mkono wangu ndio umlishe. Na alipoomba muhogo ukamwambia asubiri keki, nilikusikia. Na sukari ukaishika."

"Nilifanya kwa ajili yako!"

"Kwa ajili yangu ungenipa ile sukari."

Gari la wakwe lilikuwa limeshawashwa. Walipanga kumpitisha Otilia hospitali apimwe, halafu washuke Lituhi. Lidia akajifunga kanga juu ya gauni la sendofu, lile la kuagwa, akakaa nyuma, kichwa cha Otilia begani.

"Teremka!" Walburga alishika mlango. "Binti haendi ukweni kabla ya ndoa! Watu watasemaje? Baba Lidia, sema neno!"

"Mwanangu," Joakim akasema, "si desturi."

"Baba, si mmeniaga?" Lidia akauliza. "Sherehe yenyewe si ndiyo hii?"

Meshack akaja na boksi la keki ya wakwe lililokuwa kwenye buti, lisije likapondwa na mizigo, akampakatisha Lidia mapajani. Gari likaondoka. Walburga alibaki na vumbi, na faraja moja ndogo: angalau mwanangu ameondoka na keki kutoka jikoni kwangu.

Ngojeni muisikie hiyo faraja.

Nyumbani kwake hapakuwa mbali na ukumbi. Alikimbia peku, viatu mkononi, jina moja tu mdomoni. Jikoni hapakuwa na mtu. Meza imepanguswa. Lakini bakuli moja lilikuwa limefunikwa mdomo chini, na Walburga hakuwahi kuacha bakuli hivyo.

Akalifunua.

Palikuwa na kichwa. Kidogo, cha fondanti, bado laini. Kichwa cha mzee. Kofia. Masharubu ya mvi.

Mzee Wendelin.

Kwanza hakuelewa. Kisha akaelewa yote kwa mara moja. Kama kichwa kiko hapa Mbinga, kiwiliwili kiko wapi?

"Kimeshapanda gari," ilisema sauti nyuma yake.

Serafina alitoka kwenye stoo, mfuko begani. Ndani ya mfuko vilikuwa vyombo vya Walburga: visu vya kuchongea, vikatio vya maua, miti ya kusukumia fondanti. Hakuwa na haraka wala aibu.

"Masharubu yametoka vizuri, eh? Ulinifundisha wewe."

"Serafina. Umeweka nini kwenye keki ya wakwe?"

"Nimeweka kaburi la kahawa na mzee asiye na kichwa. Wataifungua Lituhi mbele ya ukoo mzima. Na leo wote wamemwona mama mkwe akidondoka." Akarekebisha mfuko begani. "Aliyeipakata ni nani? Nilichungulia pale ukutani. Ni Lidia, siyo?"

"Nilikukosea nini? Ulikuja na ndoo ya usipa tu, nikakupa kazi!"

"Ukanipa kazi, ndiyo. Nakanda mimi, nachanganya rangi mimi, vidole vinaniuma mimi. Watu wakila, keki ya Walburga. Nani aliwahi kusema keki ya Serafina? Hata yule mzee wa Mapera, kofia yake niliifanya mimi! Sasa mji wote hautakula tena kwako. Watakula kwangu."

Nje pikipiki ikanguruma, ikasimama. "Mama Lidia!" Ilikuwa sauti ya Joakim. "Toka upesi! Gari bado lipo hospitali, daktari anampima. Tukienda sasa hivi tunawawahi!"

Mnasikia? Lilikuwa bado lipo. Safari fupi ya pikipiki, boksi lishushwe, lifunguliwe, aeleze, apige magoti aombe msamaha kwa mkwe na kwa mtoto. Njia ilikuwa wazi kama mchana.

Walburga aliutazama mlango. Akamtazama Serafina, na lile tabasamu lake.

Akaenda mlangoni. Akaufunga. Akazungusha ufunguo, akauchomoa, akautia kifuani.

Tabasamu la Serafina likapungua. "Unafanya nini?"

"Keti kwenye kigoda."

"Mama Lidia, mumeo anakuita."

"Ameniita, nimesikia. Keti." Walburga alivuta beseni la fondanti nyeupe iliyobaki, akalisukuma katikati ya meza, akakunja mikono ya gauni la sherehe mpaka kwenye viwiko. "Miezi yote hii nimesingiziwa kwamba ninafinyanga watu. Leo, Serafina, nitafinyanga mtu kweli. Na utakaa nikutazame uso vizuri."

"Fungua mlango!"

"Mama Lidia!" Joakim alikuwa anagonga. "Gari linatoka! Linatoka hospitali, naliona kule ng'ambo!"

Mezani, kando ya kichwa cha mzee, simu ya Walburga ikaita. Kioo kikawaka jina: Lidia.

Serafina akaitazama. Walburga akaitazama. Mikono yote miwili ilikuwa imeshazama kwenye sukari.

Ikaita. Ikaita. Ikakata.

Wazazi wenzangu, hasa kina mama wenye mabinti, kabla hamjalifungia vitumbua gazeti hili, haya ni ya kuepuka:

Usichukue neno la mtu mmoja ukalifanya ushahidi, hata kama analeta na samaki.

Usimnyime mgeni chakula kwa sababu ya ratiba ya MC.

Usifiche ugonjwa kwa wakwe. Anayechoma sindano ya sukari asikae na njaa, na aliye karibu naye ajue.

Usiache kijiti kwenye sanamu ambayo mtoto anaweza kuifikia.

Usimlishe mtu kwa hasira.

Usimpige adui yako kwa mkono wa mwanao.

Usimwachie mtu mwingine kuifunga zawadi ya ukweni kama hukuona alichoweka ndani.

Usifunge mlango ukiwa na kisasi.

Na simu ya mtoto ikiita, usiache ikate.